Kutoka Bomba la Daktari Hadi Iafoni: Sauti Ndani ya Sikio la Mtoto

Leo tunazungumzia sikio na vile vifaa tunavyovitia humo.

Unaikumbuka kliniki ya wajawazito? Muuguzi alikuwekea tumboni kifaa mfano wa faneli, akategea sikio. Kile kilibuniwa na Pinard, daktari wa Ufaransa, katika karne ya 19. Kabla yake, mwaka 1816, Laennec, Mfaransa mwenzake, alikunja karatasi ikawa bomba, akasikiliza moyo wa mgonjwa. Hakuna betri wala waya. Bomba huzuia sauti isitawanyike, ndiyo maana mpigo mdogo wa moyo wa mtoto hutufikia.

Hedifoni zilifuata. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliziunda jikoni mwake akawauzia wanamaji. Hizo zilikaa juu ya sikio. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ilitoa Walkman, vijana wakaanza kutembea na muziki. Kwetu Kitui na Makueni, nionavyo mimi, mlango ulifunguka miaka ya 2000, simu zenye redio ya FM zilipoingia. Nyingi hazikushika stesheni mpaka uchomeke iafoni, kwa kuwa waya wake ndio uliokuwa antena.

Sikio halikubadilika. Tundu la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, na mwisho wake kuna kiwambo. Kikitikiswa, vifupa vitatu hupeleka mtikisiko hadi ndani kabisa, kwenye kiungo chenye umbo la konokono. Humo mna chembe za kusikia, na zikifa hazioti tena.

Hedifoni ya kufunika sikio huacha nafasi ya hewa kabla ya kiwambo. Iafoni yenye kizibo cha mpira huziba tundu, ikabaki hewa kidogo tu. Tundu la mtoto ni fupi na jembamba, kwa hiyo hewa inayobaki ni kidogo zaidi, na sauti hubanwa humo. Iafoni ileile, kwa sauti ileile ya simu, humpiga mtoto kwa nguvu kuliko inavyokupiga wewe. Kwa hiyo, mama, kuijaribu kwanza sikioni mwako hakutoshi.

Ile isiyo na kizibo nayo huvujisha besi. Ndani ya matatu yenye kelele mtoto huongeza sauti ili asikie.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na watu wazima desibeli 80. Simu nyingi hazikuonyeshi desibeli. Basi mpe hedifoni ya kufunika sikio, kisha simama umbali wa mkono mmoja useme kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia, punguza.

Akilalamika sikio linavuma, akiuliza "ati?" kila mara, au likitoka usaha, usimtie kijiti cha pamba wala mafuta. Mpeleke zahanati wiki hiyohiyo.