Makazi ya Herufi: Historia Fupi ya Fonti za Tovuti na Hoja ya Kuzihifadhi katika Seva ya Mwenye Tovuti

1.0 Utangulizi

Kata ya Mhezi imo katika milima ya Upare Kusini, wilayani Same. Msomaji aliyeko huko anapofungua tovuti ya Kiswahili kwa simu, maneno ya ukurasa huweza kutoka katika seva moja na maumbo ya herufi katika seva nyingine. Herufi zikichelewa, ukurasa huonyesha nafasi tupu, au hutokea kwa herufi za simu yenyewe kisha hubadilika ghafla. Insha hii inafuatilia jinsi utengano huo ulivyozuka, na inadai kwamba sababu iliyouhalalisha zaidi imekwisha, ingawa mazoea yamebaki.

2.0 Herufi kabla ya tovuti

Suala la makazi ya herufi si geni katika Afrika Mashariki. Zama za herufi za risasi, asiyekuwa na herufi alilazimika kupeleka muswada wake kwa aliye nazo. Misheni ya UMCA ilikuwa na mtambo wake wa chapa Unguja, na gazeti la Msimulizi lilianza kutolewa Kiungani mwaka 1888. Upareni mambo yalikwenda vingine. Wamisionari Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani walifika Upare Kusini mwaka 1903, na sarufi ya Chasu iliyoandikwa na mmoja wao, Ernst Kotz, ilitolewa Berlin mwaka 1909. Lugha ilikusanywa milimani, kitabu kikatengenezwa ng'ambo.

3.0 Kuzuka kwa fonti za mbali

Miaka ya mwanzo ya tovuti, kivinjari kilitumia fonti zilizokuwamo katika kompyuta ya msomaji. Kanuni ya @font-face iliingizwa katika CSS2 mwaka 1998, lakini vivinjari havikuwa na muundo mmoja wa faili, na leseni nyingi zilikataza fonti kusambazwa. Mwaka 2010 Google ilianzisha huduma ya fonti zenye leseni huria. Mtengenezaji wa tovuti aliongeza mstari mmoja wa msimbo, na kazi ikaisha. Kipindi hichohicho mikongo ya baharini ya SEACOM (2009) na EASSy (2010) iliipunguzia Tanzania utegemezi wa setilaiti, na umbali wa seva ukaanza kusahaulika.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ilikuwa ile ya akiba ya pamoja. Fonti iliyokwisha kupakuliwa kwa ajili ya tovuti moja ilibaki katika akiba ya kivinjari na kutumiwa na tovuti nyingine zote. Kwa msomaji anayenunua vifurushi vya intaneti, huo ulikuwa uwekevu wa kweli.

4.0 Kuporomoka kwa hoja

Akiba hiyo ilikuwa na kasoro: tovuti iliweza kuipeleleza na kubaini kurasa nyingine ambazo msomaji alizitembelea. Safari ilitangulia kuitenganisha kwa kila tovuti. Chrome ilifuata kuanzia toleo la 86, Oktoba 2020. Tangu hapo fonti ileile hupakuliwa upya kwa kila tovuti, na kivinjari hulazimika kufungua mawasiliano na seva za ziada.

Pigo la pili lilikuwa la kisheria. Januari 2022 mahakama ya Munich iliamuru mwenye tovuti kulipa fidia ya euro 100 kwa kuwa ukurasa wake ulipeleka anwani ya IP ya msomaji kwa Google bila ridhaa. Mahakama ilikataa utetezi wa haja halali, kwa kuwa fonti hizo zingeweza kutumika bila kuwasiliana na Google. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Tanzania. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inadhibiti usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya nchi.

5.0 Faida na mipaka ya kuhifadhi mwenyewe

Kiswahili sanifu hakitumii q wala x, wala alama juu ya herufi. Kwa hiyo faili la fonti laweza kupunguzwa sana kabla ya kuwekwa katika seva. Upunguzaji huo una hatari zake. Ukurasa wenye majina ya Kikuyu utahitaji ĩ na ũ. Zikiondolewa, kivinjari huziazima katika fonti nyingine na neno huonekana limetiwa kiraka.

Aidha, kuhamisha fonti peke yake hakumalizi umbali. Mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, tovuti ya Kitanzania iliyohifadhiwa Ulaya isingeokolewa na fonti zilizo katika seva hiyohiyo. Tena kampuni kubwa huweka nakala za mafaili yao karibu na watumiaji, na huenda zikawa karibu kuliko seva ya mwenye tovuti.

6.0 Hitimisho

Fonti za mbali zilienea kwa sababu ziliondoa vikwazo halisi vya muundo na leseni, na kwa sababu akiba ilikuwa ya pamoja. Leseni huria zimebaki na muundo wa pamoja umepatikana. Akiba ya pamoja imetoweka. Anayeendelea kuziita herufi kutoka mbali humtwika msomaji wa Mhezi gharama ya safari ya ziada na kutoa anwani yake kwa mtu wa tatu, ilhali herufi zenyewe zingeweza kukaa pamoja na maneno.