Nani Aliyeupanda Kilimanjaro?

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, hapana swali la historia lililokuwa jepesi darasani kama hili: nani alikuwa mtu wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro? Jibu lilikuwa Hans Meyer, Mjerumani, mwaka 1889. Jibu hilo si uongo. Lakini ni jibu fupi mno, na ufupi wake umewadhulumu watu wengi.

Tuanze na walioshindwa. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo, na baadhi ya wataalamu wa Ulaya wakakataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda kiasi cha meta 4,300 akarudi. Mwaka 1887 Count Teleki alifika kiasi cha meta 5,300, naye akarudi. Mwaka huo huo Meyer alifika kwenye barafu, ikamshinda. Mwaka 1888 hakuuona hata mlima: vita vya Abushiri vilikuwa vimewaka pwani, akakamatwa, na akaachiliwa kwa fidia.

Mwaka 1889 kulibadilika nini? Mambo mawili. Kwanza, Meyer alikuja na Ludwig Purtscheller, fundi wa kupanda milima ya barafu kutoka Austria. Pili, na hili ndilo ambalo vitabu vyetu vya shule havikulisema, Meyer alitatua tatizo la chakula. Aliweka kambi kubwa Marangu kwa ridhaa ya Mangi Marealle, kambi ya kati juu ya msitu, na kambi ya juu kwenye meta 4,300 hivi. Kila baada ya siku chache wapagazi walipanda na chakula na kuni, kisha wakateremka. Kwa hiyo wale wawili hawakulazimika kurudi kwa njaa. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kasoko wakiwa hoi, wakaona kilele kiko mbali bado. Pasipo chakula kambini, safari ingekwisha siku ile, kama zilivyokwisha za wenzao. Walirudi kambini, wakala, wakapumzika, wakapanda tena, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni.

Waliowezesha mapumziko hayo ni kina nani? Meyer mwenyewe, katika kitabu chake, anamtaja Muini Amani wa Pangani, aliyebaki nao katika kambi ya juu, mtu wa pwani ya joto katika baridi ya kugandisha maji. Wengi wa wapagazi waliobaki hata majina yao hatuyajui.

Maana ya jambo hili niliielewa kwa miguu yangu mwaka 2019, tulipopanda sisi watano wa darasa moja, kila mmoja amekwisha kustaafu. Tulifuata njia ya Marangu kwa siku sita. Siku ya kwanza ni msitu hadi Mandara, kwenye meta 2,700. Ya pili ni vichaka na upepo hadi Horombo, meta 3,700, na hapo tulikaa siku nzima ili mwili uzoee hewa hafifu. Kisha ni jangwa la kati ya Kibo na Mawenzi, hadi kibanda cha Kibo, meta 4,700. Usiku wa manane tulianza kupanda kokoto, hatua moja mbele na nusu hatua nyuma. Watatu wetu tulifika Gillman, na wawili tukaendelea hadi Uhuru, meta 5,895.

Watu watano tulisindikizwa na viongozi watatu, mpishi mmoja na wapagazi kumi na wawili. Vijana hao, wagumu kama wanavyoitwa huko, walitupita njiani wakiwa na mizigo kichwani, na tulipofika kituoni tulikuta chai imechemka. Vyeti vya kufika kileleni tulipewa sisi.

Mwaka 1989, katika maadhimisho ya miaka 100, jina moja la Mchagga lilitajwa kwa shangwe: Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Ilisemwa kwamba ndiye aliyemwongoza Meyer. Alifariki mwaka 1996, na ikasemwa umri wake ulipita miaka 120. Mimi naona umri huo ni mgumu kuusadiki, na masimulizi ya Meyer hayamweki mtu wa tatu kileleni. Hata hivyo, kwamba Mzee Lauwo aliongoza wageni mlimani kwa miongo mingi, hilo halina ubishi. Kosa letu ni kudhani kwamba ili Mwafrika aheshimiwe katika habari hii ni lazima tumpandishe hadi kileleni siku ile. Muini Amani hakufika kileleni, lakini bila watu kama yeye asingefika mtu.

Historia hurekebishwa. Kilele kile Meyer alikiita kwa jina la Kaisari Wilhelm. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika pale bendera na mwenge, na jina likawa Uhuru. Kibanda kilichoitwa Bismarck leo ni Mandara. Ikiwa jina la mlima laweza kusahihishwa, jibu la darasani nalo laweza.

Nasi tuna mlima wetu. Ukumbini mwa shule yetu upo ubao wenye majina ya walimu wakuu wote na viranja wote. Waliotupikia uji alfajiri miaka minne, waliochota maji bomba lilipokauka, waliolinda mabweni usiku, hawamo. Napendekeza kila darasa litakalohudhuria mkutano ujao lije na majina ya wafanyakazi linaowakumbuka, tuyaandike ubao wa pili. Tufanye hima, maana wanaoyakumbuka majina hayo wanapungua kila mwaka.