Damu ya farasi katika nchi ya mbung'o

Septemba 19 ya kila mwaka ni siku ya kimataifa ya kuelimishana kuhusu kuumwa na nyoka. Huku kusini mwa Tanzania siku hiyo huwakuta wakulima wakifyeka chini ya mikorosho, ili korosho zikianza kudondoka zionekane. Kuanzia Chunyu, Ruangwa, hadi Nachingwea, ndio msimu wa kuinama kutwa kwenye majani makavu, na kifutu hulala humo humo, hakimbii hata akisikia hatua. Akikuuma, dawa ya kutegemewa hutoka kwenye damu ya farasi, mnyama ambaye wengi wetu tumemwona kwenye picha tu.

Farasi walipoletwa hapa, walikufa. Oktoba 1917, Waingereza wakimfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kupitia Ruponda na Mahiwa, Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha kuteketeza farasi na nyumbu kwa maelfu, wengi wakimalizwa na nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mizigo ikabaki vichwani mwa wapagazi.

Kwingineko farasi alikuwa tayari mganga. Mwaka 1890 huko Berlin, watafiti von Behring na Kitasato walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda humkinga mwingine; mwaka 1894 daktari Roux wa Paris akatibu watoto wenye dondakoo kwa damu ya farasi.

Sumu ya nyoka ilizua ugomvi. Albert Calmette, daktari Mfaransa, alianza kuichunguza Saigon, alikoletewa pipa la swila hai baada ya mafuriko kuwasukumia nyoka hao kijijini. Aliporudi Ufaransa akaanza kuwachoma farasi sumu kidogo kidogo, akiongeza dozi kwa miezi, mpaka miili yao ikatengeneza kingamwili za kutosha. Kisha damu ilitolewa kwenye mshipa wa shingo, ikasafishwa. Hapo alikuwa sahihi kabisa. Alikosea alipodai kwamba dawa iliyotokana na swila ingetosha kwa nyoka wa kila nchi. Mtafiti Charles Martin, akiwa Australia, aliijaribu kwa sumu ya nyoka wa huko, akaona haifui dafu. Wakajibizana kwenye majarida ya sayansi, na Calmette hakukubali upesi. Naye daktari Vital Brazil, akiwa São Paulo, akathibitisha kwa nyoka wa Brazil kwamba kila sumu inataka dawa yake. Kosa hilo halijaisha: hospitali nchini Ghana ziliwahi kupewa dawa iliyotokana na nyoka wa Asia, na vifo vikaongezeka.

Kwa hiyo nyoka wetu walikuwa na thamani. Johannesburg walianza kutengeneza dawa mwaka 1928, wakianza na sumu ya swila wa Cape na kifutu. Koboko waliongezwa baadaye. Jirani yetu Liwale, kisha Newala, aliishi C.J.P. Ionides, bwana nyama Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki, aliyeitwa Bwana Nyoka. Alikamata maelfu ya nyoka hai, hasa koboko wa kijani kutoka kwenye miti, akiwabana kwa fimbo ndefu yenye koleo, akawapeleka kwenye bustani za wanyama na maabara za ng'ambo. Alifariki mwaka 1968. Anastahili kufundishwa katika shule za Lindi na Mtwara, pamoja na vijana wa vijijini waliomwonyesha nyoka walipo.

Hata hivyo, mwaka 2014 kampuni ya dawa ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza dawa yake ya nyoka wa Afrika. Shirika la Afya Duniani likaingiza kuumwa na nyoka kwenye magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, kisha likaweka lengo la kupunguza vifo kwa nusu ifikapo 2030.

Dawa ya Johannesburg ni ya maji, inataka jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Majokofu ya namna hiyo hutunza chanjo za watoto vijijini. Halmashauri zinazoishi kwa korosho ziweke fungu la kununua dawa hiyo, na ifike zahanati kabla ya Oktoba.