Boriti Haikupima Chumba Peke Yake

Wanaoeleza nyumba za mawe za Lamu hurudia jambo lile lile: vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita 2.5 hadi 3, kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi. Ni kweli nusu. Mkoko hutoa mti mrefu kuliko upana huo, na paa la makuti halikumbana fundi kiasi hicho. Kilichombana ni dari. Boriti zilipangwa zikikaribiana, juu yake zikalazwa bapa za mawe ya matumbawe, kisha ukamwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto, ukapondwa mpaka ukashikana. Mzigo huo ndio uliopima chumba, na mwenye nyumba aliuchagua mwenyewe, maana nyumba ya mawe ilimtambulisha kuwa muungwana, haikuogopa moto, na iliweza kubeba ghorofa.

Hata jiwe halikuwa la bure. Uchimbuzi wa mwanaakiolojia Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, ulionyesha misikiti ya miti ikifuatwa na ya matumbawe yaliyokatwa baharini, ambayo huchongeka kirahisi yakiwa mabichi. Baadaye likaja jiwe la nchi kavu. Jiwe lilijaa tele, lakini chokaa yake ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la kuni. Kwa hiyo nyumba ya mawe ilikula miti mara mbili: darini na tanurini.

Mtu atauliza: mbona Msikiti Mkuu wa Kilwa, uliopanuliwa katika karne ya 14, umeezekwa kwa kuba na matao? Mafundi wa pwani basi walijua kuikwepa boriti. Walijua, lakini tazama nguzo zilivyokaribiana. Kila kuba hufunika mraba mdogo tu. Waliukwepa mti wakabaki na wembamba, na gharama ya chokaa ikabebwa na mji uliotajirika kwa dhahabu ya bandari ya Sofala. Mfanyabiashara wa kawaida angeitoa wapi?

Pingamizi zito zaidi linatoka Ghuba. Kuwait na Bahrain hazikuwa na misitu ya kujengea. Zilinunua boriti zetu kwa korija, yaani miti 20, na vyumba vyao vikawa vyembamba vivyo hivyo, ingawa darini waliweka mikeka na udongo. Mwandishi na baharia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, aliwakuta mabaharia wakipakia miti hiyo katika delta ya Rufiji. Huko, nakubali, mti ulitawala; asiye na msitu hujenga kwa kipimo kilichoshushwa bandarini. Lamu msitu ulikuwa mlangoni. Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje, mwaka 1982, Ghuba ilikwisha kuhamia kwenye saruji na nondo. Mafundi wa Lamu ndio walioendelea kuihitaji, kwa kuwa dari ikioza hubadilishwa boriti, lakini kuta hazisogezwi.