Chombo Hakifundishi Peke Yake

Ndugu Mhariri aliponiomba makala ya historia kwa ajili ya toleo hili, nilikuwa bado nafikiria jambo lililotugawa katika mkutano wetu uliopita. Mliokuwapo mtakumbuka kwamba mwenzetu mmoja alisimama akapendekeza sisi wanafunzi wa zamani tuchange fedha, tuinunulie shule vishikwambi, ili wadogo zetu wasome kwa njia ya mtandao kama wenzao wa mijini. Nusu ya ukumbi ilipiga makofi. Nusu nyingine ilinong'ona kwamba vijana watakesha na muziki na picha, na masomo yatakwenda na maji. Tukaahirisha uamuzi mpaka mkutano ujao.

Siku ile mimi sikusema kitu. Nilinyamaza kwa sababu jambo lenyewe lilinigusa mahali panapouma, kama nitakavyoeleza mbele. Lakini kwa kuwa nilisomea historia pale Mlimani kabla sijaingia katika utumishi wa Serikali, naona ni wajibu wangu kuwakumbusha ndugu zangu kwamba swali hili si geni katika nchi yetu. Limekwisha kuulizwa juu ya redio, likaulizwa tena juu ya kompyuta. Jibu tulilipata zamani, ila tumelisahau.

Tuanze na redio. Huko Kanada, mwaka 1941, wakulima walioishi mbalimbali walianza kukutana katika nyumba za majirani kusikiliza kipindi kilichotengenezwa kwa ajili yao. Kabla ya kipindi walisoma kijitabu, baada ya kipindi walizungumza, kisha wakaamua la kufanya. Wito wao ulikuwa wa maneno manne: soma, sikiliza, jadili, tenda. Mtindo huo ulifika India mwaka 1956, katika vijiji vya eneo la Poona, na baadaye Ghana katika miaka ya 1960. Hapa Tanzania tuliupokea na kuukuza kuliko wengi waliotutangulia.

Redio ilikuwapo Dar es Salaam tangu mwaka 1951. Watu waliisikiliza kwa habari, muziki na matangazo ya vifo. Kujifunza kwa vikundi kulikuja baadaye, chini ya uongozi wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu. Mwaka 1969 kulikuwa na kampeni ya Kupanga ni Kuchagua, ya kuwaeleza wananchi Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mwaka 1970 ikafuata Uchaguzi ni Wako, kwa ajili ya uchaguzi mkuu wa mwaka huo. Mwaka 1971 ikaja Wakati wa Furaha, nchi ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru. Kwa kampeni hizo wakuu wa Taasisi walijifunza namna ya kuandaa viongozi wa vikundi, kuandika vitabu vyepesi, na kufikisha vitabu hivyo vijijini kabla kipindi hakijatangazwa.

Matunda ya mafunzo hayo yakaonekana mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 vikundi vilikutana nchi nzima. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walishiriki. Mambo yaliyosomwa hayakuwa ya mbali: malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Kikundi kilisikiliza kipindi cha Radio Tanzania Dar es Salaam, kikasoma sura inayohusika katika kitabu, kikajadili habari zile kwa kuangalia hali ya kijiji chao wenyewe, kisha kikaamua kazi ya kufanya. Vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu. Madimbwi yakafukiwa, nyasi zikafyekwa, maji ya kunywa yakachemshwa.

Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa viongozi hao wa vikundi, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Iramba. Alikuwa kijana, elimu yake darasa la saba. Alipenda kusimulia kwamba redio ya kikundi chao iliishiwa betri katika wiki ya nne, na duka la karibu lilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nilimwuliza walifanyaje. Akanijibu, "Tulisoma kitabu, mwanangu. Redio ilikuwa mgeni tu pale. Wenyeji tulikuwa sisi." Hakuwaficha watoto wake upande wa pili pia. Alisema yapo mashimo yaliyochimbwa kwa kumwogopa mkaguzi, na mkaguzi alipokwisha kupita, wenye nyumba waliendelea kwenda porini. Vyoo vilivyodumu, kwa maneno yake, ni vya wale waliobishana sana kikundini kabla ya kushika jembe.

Kampeni nyingine zikafuata: Chakula ni Uhai mwaka 1975, na Misitu ni Mali mwaka 1980. Ya kwanza ilikuta watu wengi wamo katika harakati za kuhamia vijiji vipya. Ya pili ilikuta nchi imetoka vitani na fedha za kigeni ni haba. Polepole mtindo huo ukafifia, na sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 tuliusikia kama hadithi ya wazee.

Sasa tuitazame kompyuta. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa kuona kwamba mashine zile zinakula fedha nyingi bila kutoa kazi inayolingana nazo. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye, na mlango ukafunguka zaidi katika miaka ya 1990. Televisheni nayo, ambayo Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, ilianza Tanzania Bara mwaka 1994.

Ndugu zangu wa rika langu mtakumbuka siku kompyuta ilipoletwa hapa shuleni, mwaka tuliokuwa kidato cha nne. Tuliimbiwa habari zake paredi mbili mfululizo. Kisha ikawekwa chumba cha ndani, ikafunikwa kitambaa cha mezani kilichodariziwa maua, na ufunguo ukatunzwa na mtu mmoja. Tulisoma habari za kompyuta ubaoni: hii ni kibodi, hii ni puku. Nilimaliza kidato cha nne bila kugusa hata kitufe kimoja. Simlaumu mtu, kilikuwa kitu cha thamani, na hakuna aliyetaka kiharibikie mikononi mwake. Lakini ikiwa redio ya Iramba ilikata sauti na watu wakajifunza, kompyuta yetu ilikuwa nzima na hakuna aliyejifunza.

Halafu intaneti ikaingia mifukoni mwetu. Mwaka 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mwaka huohuo WhatsApp ikaanzishwa huko Marekani. Katika miaka michache simu ikawa redio, posta, gazeti na baraza la kahawa kwa wakati mmoja. Ndipo lilipokuja janga la korona. Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufunga shule, na wanafunzi wengi walikaa nyumbani hadi tarehe 29 Juni. Yalikuwapo masomo ya redioni na ya televisheni, na walimu wengi wenye moyo walituma mazoezi kwa simu. Mpwa wangu, wakati huo kidato cha pili, aliletewa picha za maswali ya hisabati katika simu ya mama yake, na simu hiyo ilirudi nyumbani usiku pamoja na mama kutoka sokoni. Aliyanakili yote kwa mwandiko mzuri. Shule ilipofunguliwa, daftari lilikuwa limejaa maswali, majibu hakuna. Hakuwa mvivu. Hakuwa na mtu wa kubishana naye.

Hapa ndipo panapouma kwangu. Miaka michache iliyopita, katika ofisi moja niliyoitumikia, ulikuja mfumo mpya wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wastaafu. Nilikabidhiwa kazi ya kuwafundisha watumishi 63. Fedha za semina hazikutosha, kwa hiyo nikaunda kikundi cha WhatsApp, nikatuma mwongozo wa kurasa 40, na nilipoona alama za buluu kwamba umesomwa, nikaandika taarifa kwa wakubwa: watumishi wote wamepata mafunzo. Taarifa ilipokelewa vizuri. Kikundi kile kikaendelea kwa salamu za asubuhi, rambirambi, na michango ya harusi.

Baada ya miezi saba mzee mmoja mstaafu alifika mlangoni pangu na majalada yake ndani ya mfuko wa nailoni. Nauli aliikopa. Mafao yake yalikuwa yamekwama, maana karani aliyeingiza kumbukumbu zake alikosea hatua ya tatu, na kila aliporudia alikosea palepale. Karani yule alinizidi umri na utumishi. Nikamwuliza, "Mzee wangu, mbona hukuuliza?"

Akanijibu kwa upole, "Ningeulizia wapi, mkuu? Mle mle, mbele ya watu wote?"

Sikuwa na jibu. Mle ndani nilikuwamo mimi mkubwa wake, na walikuwamo vijana ambao angewachekesha. Nilikuwa nimetuma mwongozo, na kutuma nikakuita kufundisha. Mstaafu yule alilipwa hatimaye, lakini miezi saba ya mtu aliyelitumikia taifa hairudishwi kwa kuombwa radhi.

Usiku ule nilimkumbuka baba na redio yake isiyo na betri. Wiki iliyofuata niliwagawa watumishi katika vikundi vya watu sita, kompyuta moja kwa kila kikundi, kila Jumatano alasiri. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, na wengine kati yao walikuwa makarani wa chini kabisa wenye kuujua mfumo. Tulipiga chapa kurasa nne tu kwa kila kikao. Walisoma, wakamtazama mmoja wao akifanya, wakabishana, kisha kila mmoja akaondoka na jalada moja la kweli la kukamilisha kabla ya Jumatano ijayo. WhatsApp hatukuifuta. Ilipata kazi yake halali: kukumbushana saa ya kikao, na kumpelekea kiongozi picha ya mahali ulipokwama, yeye peke yake. Tulikwenda hivyo wiki 12, hesabu niliyoiazima kwa Mtu ni Afya bila kumwambia mtu. Yule karani mzee ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa kikundi cha pili.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaunga mkono wanaotaka vishikwambi, na pia naikubali hofu ya wanaovikataa. Wote wawili tunazungumzia kifaa, na historia yetu inatuonyesha kwamba lililofundisha lilikuwa kikundi chenye kiongozi, maandishi, mjadala na kazi ya kufanya. Pendekezo langu ni hili.

Kwanza, tununue vishikwambi 20, tusinunue zaidi. Kwa vikundi vya watano watano, 20 vinatosha wanafunzi 100 kwa kipindi kimoja, na palipo na watano kuzunguka kioo kimoja ni vigumu mmoja kupotelea katika muziki. Vijazwe vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka katika maktaba yake ya mtandao.

Pili, fedha zitakazobaki ziandae walimu na viongozi wa vikundi. Mwaka 1973 nchi maskini iliona ni lazima kuandaa viongozi 75,000. Sisi hatuwezi kuandaa 20?

Tatu, kifaa kisifunikwe kitambaa. Kikivunjika kwa kutumiwa, tukubali kukitengeneza.

Nne, kikundi chetu cha WhatsApp cha wanafunzi wa zamani, chenye madaktari, wahandisi, wakulima na mahakimu, kitoe saa moja kila mwezi kujibu maswali ya wanafunzi yatakayokusanywa na mwalimu. Pongezi za siku za kuzaliwa zinaweza kusubiri saa hiyo moja.

Nanyi wanafunzi mnaosoma hapa sasa, najua kanuni ya shule inawakataza simu bwenini, na najua baadhi yenu mnaona tunawanyima elimu. Simu mtazipata, hakuna atakayezizuia maisha yenu yote. Jambo ambalo hamtalipata kwa urahisi baada ya kuondoka hapa ni wenzenu wanne wa kukaa nao mezani saa moja usiku, mmoja asiyeelewa na mmoja asiyekubali, mkabishana mpaka hesabu ikatoka. Jizoezeni kuuliza mbele ya hao wanne. Atakayezoea hatakuwa karani anayekosea palepale kwa miezi saba kwa kuona haya.

Katika mkutano ujao nitapiga kura ya ndiyo, kwa masharti hayo. Nami nimekwisha kumwandikia Mkuu wa Shule kwamba Jumamosi mbili za kila muhula nitakuja mwenyewe kukaa na kikundi kimojawapo. Atakayepata nafasi tufuatane, nauli ya kwenda na kurudi tutagawana.