Warsha za Wahadhiri: Nani Anamfundisha Anayetufundisha?

Leo nipo hapa hapa Mboka Manyema, Tabora, na mada yangu inaweza kuonekana haituhusu sisi wa mtaani: warsha za kuwanoa walimu wa vyuo vikuu katika kufundisha, kuandika na kutafiti. Mshkaji wangu kaniuliza, "We umeishia sekondari, mambo ya maprofesa yanakuhusu nini?" Yananihusu, na wewe yanakuhusu. Soma mpaka chini utaona.

Nianze na kisa cha nyumbani. Dada yangu alisoma chuo kimoja, sitakitaja. Mwaka wa mwisho akatakiwa kuandika ripoti ya utafiti. Akampelekea msimamizi wake rasimu, ikakaa wiki saba, ikarudi na maneno mawili kwa peni nyekundu: "Andika upya." Aandike upya nini? Utangulizi? Takwimu? Kiingereza? Hakuambiwa. Akaandika upya mara tatu, mwaka ukaisha, wenzake wakavaa majoho yeye yuko nyumbani anasaidia kuanika mihogo. Na mzee alikuwa ameuza ng'ombe kwa ajili ya ada. Baadaye sana yule msimamizi alimwambia ukweli: hata yeye hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kusimamia mwanafunzi. Hapo ndipo nilipoanza kuulizia, hivi hawa watu wananolewa wapi?

WARSHA NI NINI HASA?

Watu wanachanganya maneno. Kongamano ni mkutano ambao watafiti wanasoma makala zao na wenzao wanauliza maswali. Semina ni kikao cha kujadili mada. Warsha asili yake ni karakana, yaani mahali pa kufanyia kazi kwa mikono. Kwa hiyo kwenye warsha ya kweli mhadhiri anaingia na kitu chake, labda mpango wa somo, rasimu ya makala au dodoso la utafiti, na anatoka nacho kikiwa kimerekebishwa. Ukikaa siku tatu unasikiliza hotuba, ukala wali kuku, ukapewa begi na peni, bwana wee, hiyo siyo warsha hata kama bango limeandikwa hivyo.

KWA NINI MHADHIRI AFUNDISHWE KUFUNDISHA?

Angalia kichekesho hiki. Mwalimu wa darasa la kwanza lazima awe amepita chuo cha ualimu, akafanya mazoezi ya kufundisha, akakaguliwa. Mwalimu wa chuo kikuu mara nyingi anachukuliwa kwa sababu alifaulu vizuri shahada yake. Anaijua kemia au sheria ile mbaya, lakini kusimama mbele ya watu mia tatu ni jambo lingine kabisa. Matokeo yake anafundisha kama alivyofundishwa yeye, na yule aliyemfundisha naye alifanya hivyo hivyo.

Sisi wa Tabora tuna mfano wa karibu. Nyerere alisoma shule ya serikali hapa Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, akaenda Makerere kusomea ualimu 1943 hadi 1945, ndipo akarudi kufundisha St. Mary's hapa hapa mjini kuanzia 1946. Kabla ya kuitwa Mwalimu alisomea kuwa mwalimu.

Zamani tatizo halikuonekana sana. Chuo kikuu kilipoanza Dar es Salaam Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Profesa na wanafunzi wake wanakaa meza moja. Leo darasa moja la mwaka wa kwanza linaweza kujaza ukumbi mpaka wengine wanaandika wamesimama dirishani. Hapo ujuzi wa somo peke yake hautoshi.

ZILIPOTOKEA, MWAKA KWA MWAKA

1995: Kikatoka kitabu cha mwongozo kwa wahadhiri, Teach Your Best, chini ya Chuo Kikuu cha Kassel, Ujerumani. Wahariri wake ni Barbara Matiru, Anna Mwangi na Ruth Schlette.

2005: Ikaundwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwa sheria ya mwaka huo, kusimamia ubora wa vyuo vyote, vya serikali na vya binafsi.

2007: Shirika la INASP la Uingereza likaanzisha AuthorAID, mpango wa kuwasaidia watafiti wa nchi kama zetu kuandika na kuchapisha.

2008: Ukaanza umoja wa CARTA, unaoongozwa na taasisi ya APHRC ya Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Unawakutanisha wahadhiri wanaosomea uzamivu katika semina kadhaa mfululizo, siyo mara moja halafu kwaheri. Kwa Tanzania wamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara.

2018: Hapa yakaja mambo mawili makubwa. La kwanza ni PedaL, linaloongozwa na PASGR ya Nairobi, na Dar es Salaam ni mshirika. La pili ni TESCEA, lililoendelea hadi 2021 katika vyuo vinne: Mzumbe na Dodoma kwa upande wetu, Gulu na Uganda Martyrs kwa upande wa Uganda. Wakufunzi walitoka zaidi kwenye chama cha AFELT cha Kenya.

2021: Benki ya Dunia ikaidhinisha mradi wa HEET wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu Tanzania. Majengo na maabara ndiyo yanayoonekana kwenye picha, lakini kusomesha na kunoa wahadhiri nako kumo.

NDANI YA WARSHA YA KUFUNDISHA

TESCEA nitaieleza kidogo kwa sababu wazo lake ni rahisi hata mimi nimelielewa. Mhadhiri anaulizwa kwanza: mwanafunzi akimaliza kozi yako aweze kufanya nini? Siyo "ajue nini", aweze kufanya nini. Akishajibu hilo ndipo anapanga mtihani utakaopima kitu hicho, halafu mwishoni anapanga vipindi. Wengi wetu tumezoea kinyume: unaanza na notsi, mtihani unatungwa usiku wa mwisho. Pia waajiri na watu wa jamii waliitwa kusema wahitimu wanapungukiwa nini. Na baadhi ya wahadhiri waliandaliwa wawafundishe wenzao, ili mradi ukiisha ujuzi ubaki chuoni.

Chukulia somo la historia ya misafara iliyopita hapa kwetu. Kwa njia ya zamani mhadhiri anaimlisha: Burton na Speke walifika Kazeh Novemba 1857, Livingstone na Stanley walikaa Kwihara, koma, nukta. Wanafunzi wanakariri, wanaandika kwenye mtihani, wanasahau. Kwa njia ya warsha, darasa linapewa swali: mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, kwa miezi, alilipwa nini, na alifanyaje akipunjwa? Wanagawanywa makundi. Wengine wanaenda Kwihara kuliona tembe la Livingstone, wengine wanasoma utafiti wa Stephen Rockel wa 2006 kuhusu wapagazi, wengine wanaongea na wazee. Kisha wanatetea majibu yao mbele ya wenzao. Historia ni ile ile, ila huyu wa pili amejifunza kuuliza, kupima ushahidi na kujieleza. Akienda kuomba kazi hivyo ndivyo vitakavyombeba.

NDANI YA WARSHA YA KUANDIKA

Hapa ndipo dada yangu alipokwama. Makala ya kisayansi ina mifupa yake: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, na ikisiri juu. Warsha nzuri inamkalisha mhadhiri aandike ikisiri ya maneno mia mbili, jirani yake aisome, amwambie wapi haelewi. Hilo la kusomana ndilo dawa yenyewe. Mtu akizoea kutoa maoni kwa mwenzake, hawezi tena kumrudishia mwanafunzi "Andika upya" basi.

Kitu kingine wanachofundishwa ni kukwepa majarida ya kitapeli. Yapo kibao, yanakutumia barua pepe kukusifia, unalipa dola, makala inatoka ndani ya wiki bila mtu kuisoma. Mkutubi wa Marekani Jeffrey Beall alikuwa na orodha yake maarufu mpaka alipoitoa hewani Januari 2017. Dalili ni zile zile: haraka ya ajabu, na pesa mbele.

Halafu lugha. Tumesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari mpaka chuo kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu anapambana na wazo na lugha kwa wakati mmoja. Lakini si kila utafiti lazima uwe wa Kiingereza. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyoundwa 2009, ina majarida kama Kioo cha Lugha na Mulika. Wengi hawajui.

NDANI YA WARSHA YA UTAFITI

Hapa ni kuchagua swali linalotafitika, kuchukua sampuli, kuchambua takwimu, na maadili. Kibali cha utafiti kinatoka COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Ukigusa afya za watu unahitaji pia idhini ya kimaadili kupitia NIMR. Mhadhiri anayejua njia hii anamwokoa mwanafunzi wake miezi mingi ya kuzunguka.

TABORA TUMESIMAMA WAPI?

Tunacho Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, AMUCTA, kilicho chini ya SAUT, kipo kituo cha Chuo Kikuu Huria, ipo kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, Chuo cha Ualimu na Chuo cha Ufugaji Nyuki. Kwa utafiti tuna kituo cha NIMR na kituo cha kilimo Tumbi. Siyo haba! Nyuki, tumbaku, malale, historia ya misafara, yote ni mashamba ya utafiti yaliyo mlangoni kwetu. Njia ile ya kati, kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Kwihara hadi Ujiji, Tanzania iliiweka kwenye orodha ya mapendekezo ya UNESCO tangu 2006.

Ukitazama ile orodha ya miradi hapo juu, Dodoma na Morogoro wapo kandokando ya njia hiyo hiyo ya misafara. Sisi tuko mbele zaidi, kilometa kama 840 kwa reli kutoka Dar, na misafara ya siku hizi mingi inaishia kabla haijatufikia. Na AMUCTA inaandaa walimu. Hilo ndilo la kuumiza kichwa. Mhadhiri mmoja akifundisha vibaya walimu mia, hao mia wanaenda Urambo, Nzega, Sikonge, kila mmoja na madarasa yake. Mdogo wako wa kidato cha pili anapata alichopata mwalimu wake. Ndiyo maana nimesema yanatuhusu.

TATIZO LA POSHO

Tuseme ukweli. Wapo wanaokwenda warsha kwa ajili ya posho na cheti cha kubandika kwenye faili. Na wapo waandaaji ambao ripoti yao inaishia kwenye idadi ya waliohudhuria. Mimi naona kipimo kiwe kingine: miezi sita baadaye, darasa lake limebadilika? Rasimu za wanafunzi zinarudi na maoni yanayoeleweka? Kama hapana, pesa imeliwa tu. Kiongozi wa msafara, yule kirangozi wa zamani, alipimwa kwa watu kufika na mizigo yao, hakupimwa kwa ukubwa wa ngoma yake.

WEWE ULIYEPO KAFE UFANYE NINI?

Kama unasoma chuo, mwombe mhadhiri muhtasari wa kozi wiki ya kwanza, na umuulize vigezo vya kusahihishia. Ni haki yako, siyo ubishi. Rasimu ikirudi na maneno mawili, nenda na maswali matatu uliyoyaandika: sehemu gani, kwa nini, mfano mzuri ni upi? Ingia AJOL, hazina ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998, makala nyingi unasoma bure. Na AuthorAID wamekuwa wakitoa kozi za bure za uandishi kwa njia ya intaneti. Saa mbili za kafe zinatosha kujua mifupa ya makala.

Dada yangu alimaliza hatimaye, baada ya kubadilishiwa msimamizi. Huyu wa pili alimrudishia rasimu ndani ya siku kumi, pembeni kila ukurasa una maswali. Akamwambia alijifunza hivyo kwenye warsha. Kumbe inawezekana.

Nawasilisha. Kama wewe ni mwanachuo au mhadhiri na umewahi kukaa kwenye warsha ya namna hii, tuambie hapo chini ulitoka na nini. Posho usiitaje, tunaijua.