Mfadhili na Nguvu ya Chama: Nachingwea na Ruangwa tangu Enzi za Karanga

Mji wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ulijengwa kwa fedha za kutoka nje. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula, na mwaka 1946 serikali yake ikakubali mpango wa kulima karanga, hasa Tanganyika, kwenye ekari zaidi ya milioni 3. Maeneo yaliyochaguliwa Tanganyika yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kusini mpango huo ulileta matrekta, nyumba za wataalamu, ujenzi wa bandari ya Mtwara na reli iliyopanda kutoka pwani ya Lindi. Mwaka 1951 Uingereza ikakiri kushindwa na kufuta kwenye vitabu vyake pauni zipatazo milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa.

Kuanguka kwa mpango huo huelezwa kwa udongo mgumu, mvua chache na mashine mbovu, na yote hayo ni kweli. Lakini kwa historia ya Nachingwea lipo jambo zito zaidi. Fedha zile hazikupitia chama chochote cha wakulima wa hapo. Wamwera, Wamakua na Wayao waliingia mashambani kama vibarua. Mipango, hesabu na mali vilikaa mikononi mwa shirika lililoendeshwa na wageni. Shirika lilipofungasha, kijijini hapakuwa na mtu aliyeachiwa kitu cha kusimamia.

Miaka michache baadaye palepale kwenye mashamba yaliyoachwa lilitokea jambo la kinyume chake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilipewa kambi Nachingwea, katika eneo linalojulikana hadi leo kama Farm 17, na huko ndiko Samora Machel alikoongoza mafunzo ya wapiganaji. Wafadhili wake walikuwa wengi: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) iliyokuwa Dar es Salaam, China iliyoleta wakufunzi, na kuanzia 1971 Sweden iliyotoa chakula, nguo na dawa. Misaada ilikuwa ya namna nyingi, lakini uongozi wa kambi ulikuwa wa FRELIMO yenyewe: ndiyo iliyopanga nani afundishwe nini na nani apelekwe wapi. Mwaka 1975 watu waliopikwa kambini pale walikwenda kuongoza Msumbiji huru.

Kwa wenyeji wenyewe, chombo walichokizoea kilikuwa ushirika wa mazao. Mwaka 1976 vyama vya ushirika nchini vilifutwa kwa amri ya serikali, kipindi kilekile ambacho uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa uliwatenga wakulima na mikorosho yao. Korosho zilizonunuliwa nchini zilishuka kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, lakini makarani wenye uzoefu wa mizani na leja, na wanachama waliozoea kuwahoji viongozi wao kwenye mkutano mkuu, hawarudishwi kwa sheria.

Katika pengo hilo iliingia Finland. Ilianza na maji ya mikoa ya Mtwara na Lindi katika miaka ya 1970: mpango mkuu wa maji, mitambo ya kusukuma maji, visima vifupi vyenye pampu za mkono. Kazi ya ufundi ilifanyika kwa bidii. Shida ilikuja pampu ilipoharibika, kwa sababu kisima kilihesabiwa kuwa cha mradi, na aliyesubiriwa kuja kukitengeneza ni mradi. Sera ya Maji ya mwaka 1991 ilipovitaka vijiji viwe na kamati na mfuko wa maji, ilikuwa inajibu hali ya namna hiyo nchi nzima.

Mwaka 1988 Finland ilianzisha programu pana zaidi ya maendeleo vijijini, iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, RIPS. Miaka ya mwanzo ilikuwa kazi ya wataalamu na magari. Kuanzia mwaka 1993 hivi, programu ikageuka: wanakijiji walikaa chini na kuchora ramani ya kijiji chao ardhini, kwa majivu, mawe na mbegu, wakaonyesha wenyewe maji yalipo, mashamba ya nani yako wapi na nani hana shamba. Kwa mara ya kwanza mfadhili alikuwa analipia mjadala, na matunda yake yalionekana. Katika pwani ya kusini wavuvi waliunda Shirikisho lao kupambana na uvuvi wa baruti, wakaipeleka hoja yao hadi kwa wakubwa wa serikali. RIPS ilifungwa mwaka 2005. Udhaifu wake ni kwamba kwa muda mrefu magari, fedha na kumbukumbu vilikaa katika ofisi ya mradi Mtwara, siyo katika vyama vya Ruangwa au Nachingwea.

Wakati RIPS inaelekea ukingoni, ilikuwa zamu ya asasi za kiraia. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilipitishwa mwaka 2002, na mwaka 2003 Foundation for Civil Society ilianza kazi Dar es Salaam, ikikusanya fedha za nchi kama Uingereza, Uswisi, Denmark na Norway na kuzigawa kwa ruzuku. Hatua hiyo ilikuwa kubwa kwa wilaya za pembezoni. Ruangwa, iliyopata hadhi ya wilaya mwaka 1995 tu, haikuwa mahali ambapo balozi wa Ulaya angekuja kusoma andiko la mradi. Sasa kikundi cha walimu wastaafu au cha wanawake kiliweza kuomba kwa Kiswahili, na kabla ya kupokea fedha wawakilishi wake walifundishwa kusimamia ruzuku: kuandika hati ya malipo, kutunza risiti, kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki.

Hapo ndipo pia ubovu wa mfumo ulipojitokeza. Ruzuku nyingi zilikuwa za mwaka mmoja au michache, tena kwa shughuli zilizotajwa: semina, vipeperushi, mdahalo. Mshahara wa mhasibu na pango la ofisi vilionekana kama matumizi yasiyo na tija. Basi kijana aliyefundishwa hesabu kwa fedha za mfadhili, mradi ukiisha alitafuta ajira halmashauri au kwenye shirika kubwa, na asasi ikaanza upya. Kujengewa uwezo kukageuka kuwa kuhudhuria warsha na kupokea posho. Masharti nayo yaliongezeka: kanuni za mwaka 2018 ziliitaka asasi itangaze hadharani fedha inayopata ikizidi shilingi milioni 20. Sharti hilo ni la haki, lakini linahitaji mtu wa kulitekeleza, na mtu huyo ndiye ambaye bajeti haikumlipia.

Njia nyingine ya kuvijengea vikundi uwezo ilipita kwenye sanduku la bati. Kuanzia mwaka 2009 Aga Khan Foundation iliendesha programu ya vijijini Lindi na Mtwara, na ndani yake vikundi vya kuweka na kukopa. Vikundi vya namna hii hutumia fedha ya wanachama wenyewe. Mfadhili hulipia mafunzo na ufuatiliaji wa mzunguko wa kwanza. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kabla ya kulifunga, salio hutajwa kwa sauti na kila mwanachama hulikariri, hata asiyejua kusoma. Mkutano unaofuata huanza kwa kuwauliza wanachama salio hilo. Udhibiti wa namna hiyo asasi nyingi za mjini zenye kompyuta hazijaufikia.

Misitu ilitoa nafasi nyingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kubaki na mapato yake. Kwa fedha za Uswisi, shirika la uhifadhi wa misitu la TFCG na mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, MJUMITA, walifanya kazi na vijiji vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale kupima misitu, kuandaa mipango ya uvunaji na kufundisha kamati za maliasili. Mbao zikiuzwa, kamati hulipa doria yake na kijiji hujenga darasa au zahanati. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, kinachounganisha vyama vya msingi vya wilaya hizo tatu, nacho hakiishi kwa ruzuku: huendeshwa kwa makato ya kila kilo ya mazao inayouzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani. Wakulima hulalamikia makato hayo kila msimu, na wana haki ya kulalamika, maana fedha inayoendesha chama ni yao.